Nani aulizwe bidhaa ikikwama?

Miaka michache iliyopita nilikuwa meneja wa bidhaa katika kampuni changa hapa Dar es Salaam. Tulitengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wenye maduka ya mtaani kutunza madeni ya wateja wao. Aliyekulia uswahilini analijua lile kaunta buku linalolazwa chini ya mizani, lenye majina kama "Mama Asha" na "fundi wa kona", na mistari inayokatwa kwa kalamu nyekundu deni linapolipwa. Tulitaka kulihamishia kwenye simu.

Watu waliipakua kwa wingi kuliko tulivyotarajia. Wiki ya pili wengi wao hawakuifungua tena. Kikao cha Jumatatu kikawa kirefu. Mkurugenzi alisema tuajiri mtu wa ukuaji, yaani mtu wa kuongeza watumiaji. Mwenzetu wa masoko alitaka fedha za matangazo ya redio. Mimi nilitaka tuongeze vipengele: hesabu ya stoo, ripoti ya faida, picha za bidhaa. Kila mmoja wetu aliusoma ugonjwa kwa dawa aliyokuwa ameishika mkononi.

Nilikwenda Tandika kumwona Mangi mmoja, mzee mwenye duka aliyekuwa amejisajili siku ya kwanza kabisa. Nilimwamkia, akanipa kreti nikalie. Nilipomuuliza kwa nini hatumii, alifungua simu yake akanionyesha ukurasa wa kwanza.

"Mmeandika hapa, 'Jua mauzo yako yote.' Sasa mwanangu, mimi nikishayajua, nani mwingine atayajua?"

Alidhani ni kitu cha watu wa kodi. Wenzake wa mtaa mzima walidhani hivyohivyo, wakaambizana. Mzee alikuwa na tatizo letu hasa: madeni aliyoshindwa kuyakumbuka, wateja waliobishana naye kila mwisho wa mwezi. Programu ingemfaa. Lakini tulimwambia habari ya mauzo, neno linalomtia hofu, badala ya kumwambia habari ya madeni, neno linalomnyima usingizi. Kipengele kipya kisingelitibu hilo, na tangazo la redio lingeisambaza hofu ileile kwa watu wengi zaidi.

Tangu siku ile nimeacha kuzitofautisha kazi hizi tatu, ya bidhaa, ya masoko ya bidhaa na ya ukuaji, kwa orodha ya majukumu. Orodha zinafanana mno. Fungua matangazo ya ajira ya Nairobi au Dar es Salaam: meneja wa bidhaa anatakiwa "kuelewa wateja", meneja wa masoko wa bidhaa "kuelewa wateja", meneja wa ukuaji "kuelewa wateja". Wote wafanye utafiti, wote washirikiane na wahandisi, wote waongeze mapato. Mtu akisoma matangazo hayo matatu na kufunika vyeo, hatajua kipi ni kipi. Mimi nazitofautisha kwa makosa. Namtazama mteja mmoja aliyepotea, nauliza alipotelea wapi, na hapo najua ni nani kati ya watatu anayepaswa kulala akimwaza.

Mteja aliyeelewa vizuri, akaingia bila shida, akatumia mara tatu, kisha akaacha, huyo ni wa meneja wa bidhaa. Alipewa kitu, akakijaribu kwa nia njema, kitu hakikumfaa vya kutosha. Mteja mwenye tatizo lenyewe tunalolitatua, aliyeliona jina letu barabarani akapita bila kugeuka kwa sababu hakujua kwamba ni kitu chake, huyo ni wa meneja wa masoko wa bidhaa. Na mteja aliyetaka, aliyeelewa, aliyeshika simu ajisajili, akaishia njiani kwa sababu fomu ni ndefu, au namba ya siri imemchanganya, au wakala wa karibu hana floti, yaani fedha za kuhudumia wateja, huyo ni wa ukuaji. Wa ukuaji pia ni yule mteja aliyeridhika kabisa na hakuwahi kumleta jirani yake, kwa sababu hatukumpa njia ya kumleta.

Mangi wa Tandika hakuwa wangu. Ilinichukua muda kukubali, maana meneja wa bidhaa hupenda kuamini kwamba kila tatizo ni lake.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua wa kazi hizi tatu ulitokea jirani, Kenya, na waliozifanya hawakuwa na vyeo hivi. Ni M-Pesa. Habari yake imesimuliwa sana kama muujiza wa teknolojia. Naisoma kama habari ya maamuzi matatu ya aina tatu tofauti, na kila moja lingeweza kufanywa vibaya bila kuyagusa mengine mawili.

Wazo lilianzia kampuni ya simu ya Vodafone, Uingereza, kwa mfanyakazi wake Nick Hughes, na likapata karibu pauni milioni 1 kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza wa kupanua huduma za fedha, Vodafone nayo ikaweka fungu lake. Mwenzake Susie Lonie alitumwa Nairobi mwaka 2005 kuusimamia mradi. Bidhaa waliyokuja nayo haikuwa ya kutuma pesa. Ilikuwa ya kulipia mikopo midogo: mwanachama wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, apokee mkopo wake kwa simu na aurejeshe kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakiwa na mawakala 8 na wateja wasiofika 500.

Wateja wakaanza kuitumia wapendavyo. Mtu alimlipia mwenzake marejesho, kisha wakamalizana wenyewe pembeni. Wenye biashara waliweka mauzo ya siku jioni, benki zikiwa zimeshafungwa, wakayatoa asubuhi, simu ikawa sanduku la usiku. Wasafiri waliweka pesa mji mmoja wakazitoa mji mwingine ili wasitembee na noti mfukoni. Wengine walinunua muda wa maongezi wakawatumia ndugu zao mashambani. Wakati huohuo sehemu ya mikopo, ile iliyokuwa sababu ya mradi wote, ilikuwa inakwaruza: hesabu za Faulu ziliandikwa kwa mkono na zilikuwa ngumu kulingana na za simu, na mtu akiweza kulipa akiwa mbali, mkutano wa kikundi unaomfanya kila mwanachama amdhamini mwenzake unapoteza nguvu.

Walipouleta mfumo sokoni tarehe 6 Machi 2007, mikopo ilikuwa imeondolewa. Weka, tuma, toa, nunua muda wa maongezi, basi. Huo ndio umeneja wa bidhaa katika umbo lake safi. Watu hudhani kazi hiyo ni kubuni vipengele. Sehemu yake ngumu ni kuyatazama matumizi halisi kwa macho ya mgeni, kisha kukitupa kile ulichokiombea fedha. Fikiria ujasiri wa kumwandikia mfadhili kwamba mradi wa mikopo umefundisha kitu, na kitu chenyewe si mikopo. Nimekaa kwenye vikao vingi ambako data ilionyesha jambo kama hilo waziwazi na hakuna aliyethubutu kulitamka, kwa kuwa andiko la mradi lilishasainiwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa maneno. Kwa majaribio yale yale mtu angeweza kuitangaza M-Pesa kama akiba, kama usalama wa pesa usiku, kama benki ya wasio na benki. Yote yangekuwa kweli. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya iliyoileta huduma sokoni, chini ya mkurugenzi wake Michael Joseph, wakachagua maneno matatu tu ya Kiingereza yenye maana ya "tuma pesa nyumbani".

Neno lenye kazi pale ni nyumbani. Mtu anaweza kuishi Nairobi miaka 30, akajenga Embakasi, watoto wake wasijue lugha ya babu yao, na bado ukimuuliza nyumbani ni wapi akakutajia Siaya au Machakos. Na mwisho wa mwezi nyumbani kunasubiri. Kabla ya hapo pesa ilikwenda kwa bahasha aliyopewa dereva wa basi, kwa hawala ya posta, au kwa binamu anayesafiri Ijumaa na ambaye hujui kama atafika nazo zote. Meneja wa masoko wa bidhaa anayeijua kazi yake huanza hapo: leo mtu huyu anatumia nini? Mshindani wa M-Pesa hakuwa benki yoyote. Alikuwa bahasha ya dereva. Ukishajua hivyo, huna haja ya kueleza mfumo unavyofanya kazi. Unasema kile bahasha inachofanya, na mtu anamalizia mwenyewe kichwani kwamba hii haitapotea njiani.

Hata picha za matangazo zilichagua mtu. Mwanzoni zilimlenga mfanyakazi wa mjini anayetuma, kwa sababu ndiye mwenye pesa na ndiye anayeamua njia. Mzazi wa kijijini anapokea tu kwa njia aliyochaguliwa. Ukimlenga mpokeaji kwanza, unamshawishi mtu asiye na uamuzi. Jambo dogo hili huamua bajeti nzima, na halimo katika programu wala katika takwimu za waliojisajili. Limo katika kumjua nani ndani ya familia anashika usukani wa jambo lipi.

Uamuzi wa tatu ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu hauonekani. Tazama bei za mwanzo. Kuweka pesa ilikuwa bure. Kumtumia mtu aliyesajiliwa ilikuwa shilingi 30 za Kenya. Kumtumia asiyesajiliwa iliwezekana pia, ila aliyetuma alilipa zaidi, kuanzia shilingi 75. Asiyesajiliwa alipata ujumbe wenye namba, akaenda nao kwa wakala, akapewa pesa yake bila kukatwa hata senti.

Fikiria mwendo wake. Mama yuko kijijini, hana akaunti, hajaombwa kujaza chochote. Mara ya kwanza anapokutana na huduma hii anapewa pesa mkononi, kamili. Hakuna tangazo linaloweza kushindana na hilo. Mwanawe mjini, kwa upande wake, kila mwezi anaumia tofauti isiyopungua shilingi 45, kwa hiyo yeye mwenyewe anampigia simu: "Mama, nenda pale kwa wakala wakusajili." Kampuni haikuhitaji kumtafuta mama. Ilimpa mtoto sababu ya kumtafuta. Hii ndiyo maana ya kazi ya ukuaji inapofanywa kwa akili, na tofauti yake na matangazo ni kubwa kama tofauti ya kumwaga maji shambani na kuchimba mfereji.

Mawakala nao walipangwa kwa hesabu ileile. Huduma ilianza na maduka 750 yaliyogusa makao makuu ya wilaya zote 69 za wakati ule, maana kutuma pesa nyumbani hakuna maana kama nyumbani hakuna wakala. Baadaye malipo ya wakala kwa kumsajili mteja yaligawanywa: sehemu mteja anapojisajili, na iliyobaki mteja anapoweka pesa kwa mara ya kwanza. Wakala akajikuta na sababu ya kuhakikisha kwamba mtu aliyemsajili anaitumia kweli, asijaze majina tu. Kabla mwaka 2007 haujaisha wateja walikuwa wamevuka milioni 1.

Naleta ushahidi kutoka pande nyingine, kwa sababu mafanikio peke yake ni mwalimu asiyeaminika. Vodacom walizindua M-Pesa Tanzania Aprili 2008. Bidhaa ileile, jina lilelile. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa na wateja milioni 2.7 na mawakala karibu 3,000. Tanzania, kwa muda uleule tangu kuzinduliwa, ilikuwa na wateja 280,000 na mawakala 930. Sisi pia tunatuma pesa nyumbani. Sisi pia tulikuwa na bahasha ya konda. Bidhaa ilifaa, kama miaka iliyofuata ilivyothibitisha, na leo hakuna kijiji kisichojua neno wakala. Kilichokuwa kigumu ni njia: nchi kubwa zaidi, watu waliotawanyika, na kampuni isiyokuwa na sehemu ya soko iliyokuwa nayo Safaricom, hivyo uwezekano kwamba wewe na mama yako mko mtandao mmoja ulikuwa mdogo. Hilo ni tatizo la ukuaji kwa maana niliyoieleza. Sehemu yake ilikuja kutatuliwa mitandao ilipokubali kupokeana: Tigo, Airtel na Zantel kuanzia 2014, na Vodacom wakaingia 2016.

Kisha Afrika Kusini. Huko M-Pesa ilizinduliwa 2010 kwa lengo la wateja milioni 10 katika miaka 3. Ikazinduliwa upya 2014. Ilipofungwa 2016 ilikuwa na watumiaji hai wapatao 76,000. Ungeweza kuajiri timu bora ya ukuaji duniani, na mwandishi bora wa matangazo, na matokeo yasingebadilika sana, kwa kuwa Waafrika Kusini wengi walikuwa tayari na kadi ya benki, na asiyekuwa nayo aliweza kutuma pesa kwenye kaunta ya supamaketi. Bahasha ya dereva ilikuwa imeshapata mbadala. Hapo wa kuulizwa ni meneja wa bidhaa, na swali ni kama tatizo lenyewe lipo kwa kiwango hicho. Familia moja ya kampuni, ile ya Vodafone, bidhaa moja, nchi tatu, na mgonjwa wa kila nchi anahitaji daktari tofauti.

Vyeo vyenyewe vina historia fupi. Mei 1931 kijana aitwaye Neil McElroy, mfanyakazi wa kampuni ya Procter & Gamble kule Cincinnati, Marekani, alichoka kuiona sabuni yake ya Camay ikipuuzwa kwa ajili ya Ivory, sabuni ya kampuni hiyohiyo. Akaandika waraka akipendekeza kila chapa iwe na mtu wake wa kuifuatilia mwanzo hadi mwisho, kuanzia mauzo ya kila eneo hadi matangazo. Kwa McElroy bidhaa na masoko yalikuwa kazi moja ya mtu mmoja. Programu za kompyuta ndizo zilizozitenganisha, kwa sababu sabuni ikishatoka kiwandani haibadiliki kila wiki, ila programu hubadilika, na kukaa na wahandisi kila siku kukawa kazi ya kumchosha mtu mzima. Ukuaji ulikuja mwisho. Mtaalamu wa masoko wa Marekani, Sean Ellis, aliupa jina lililovuma mwaka 2010, lakini Facebook walikuwa tayari na timu ya namna hiyo chini ya Chamath Palihapitiya, iliyojulikana kwa kukazania kwamba kila mgeni apate marafiki 7 ndani ya siku 10. Na kabla yao, mwaka 1996, Hotmail waliweka mstari mmoja chini ya kila barua pepe uliomkaribisha mpokeaji afungue akaunti yake bure. Kila mtumiaji akawa mjumbe bila kuombwa.

Mipaka hii bado inasogezwa. Juni 2023 Brian Chesky, mkuu wa Airbnb, kampuni ya kukodisha malazi mtandaoni, alisema mbele ya wabunifu huko San Francisco kwamba kampuni yake imeziunganisha kazi za bidhaa na masoko ya bidhaa, kwa hoja kwamba huwezi kukitengeneza vizuri kitu usichojua kukisema. Wengi waliisikia habari hiyo kama kifo cha meneja wa bidhaa. Mimi naiona kama kurudi kwa McElroy, na nakubaliana na nusu yake. Kwamba mtu wa bidhaa ajue kukisema kitu chake, ndiyo. Lakini maswali mawili hayawi swali moja kwa sababu yamewekwa kichwani mwa mtu mmoja. Siku zinapokuwa ngumu mtu huyo atalijibu lile alilolizoea, na lingine litakaa bila mwenyewe.

Eneo linalogombaniwa zaidi ofisini ni dakika tano za kwanza za mteja. Usajili ni wa nani? Mtu wa bidhaa anasema ni sehemu ya programu. Mtu wa ukuaji anasema ndipo watu wanapopotea. Mtu wa masoko anasema ndipo mteja anaposoma maneno yetu kwa mara ya kwanza. Wote wana haki. Bonyeza *150*00# uitazame menyu ya M-Pesa ya Tanzania, kwenye simu ya kitochi isiyo na picha wala rangi. Pale maneno ndiyo bidhaa. Yapangwe kwa mfuatano upi, hilo ni suala la bidhaa. Litumike neno gani ili mama wa Namtumbo asisite, hilo ni la masoko. Hatua ngapi ziondolewe, hilo ni la ukuaji. Nimeona timu zikigombana miezi kwa sababu walitaka kugawana skrini badala ya kugawana maswali.

Ugomvi unakuwa mchungu zaidi namba inapokuwa moja kwa wote. Kampuni nyingi zinampa kila mkuu wa idara lengo lilelile, "watumiaji hai wa mwezi", zikidhani zinajenga umoja. Namba ikipanda, watatu wanaigombea. Ikishuka, kila mmoja ana wenzake wawili wa kuwanyooshea kidole. Wahenga walisema pakacha likivuja ni nafuu ya mchukuzi, na timu ya ukuaji inayopimwa kwa waliojisajili pekee ndiyo mchukuzi huyo: kinachomwagika njiani hakimo kwenye hesabu yake, kwa hiyo haumii. Nimeripoti mwenyewe idadi ya waliopakua kwenye bodi, nikapigiwa makofi, huku nikijua kwamba Tandika nzima haitumii. Sijivunii siku ile.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaoanzisha kampuni ni nani aajiriwe kwanza. Hapa kwetu wengi huanza na ukuaji, na ninaelewa kwa nini: mwekezaji anauliza namba, na mtu wa ukuaji anaahidi namba. Nadhani ni kosa, mara nyingi la gharama. Kuwaharakisha watu kuingia kwenye kitu wasichorudia ni kuwakusanya mashahidi dhidi yako. Mwenye duka aliyejaribu na kuvunjika moyo hasubiri toleo jipya, anamwambia jirani. Anza na anayejali kama kitu kinafaa. Kisha tafuta anayejua kukisema, hata kama ni kwa mkataba wa miezi mitatu. Ukuaji uje kukiwa na kitu cha kukuza.

Kuna aina ya bidhaa ambayo mpangilio huu unaivunja, na M-Pesa ni mojawapo. Pale thamani ya kitu inapotokana na nani mwingine anakitumia, huwezi kuuacha ukuaji uje mwisho, maana bila wakala wa kijijini na bila mpokeaji hakuna bidhaa yoyote ya kuifanyia majaribio. Vivyo hivyo kwa soko la mtandaoni la wauzaji na wanunuzi, au programu ya bodaboda na abiria. Huko anayefikiria njia ya kumleta wa pili akae meza moja na wahandisi tangu siku ya kwanza.

Kampuni ndogo haina fedha za watu watatu, na sidai iwe nazo. Nimeyafanya yote matatu peke yangu kwa zaidi ya mwaka. Kilichonisaidia ni kuacha kuyafanya yote kwa siku moja. Wiki ya kuwatazama walioacha haikuwa wiki ya kuandika matangazo. Nilipoyachanganya, niliandika ujumbe kuhusu vipengele nilivyovipenda mimi, nikatengeneza vipengele vya kupendezesha ujumbe.

Kule Tandika tulibadilisha maneno ya ukurasa wa kwanza. "Jua mauzo yako yote" yakaondoka, tukaandika "Daftari la madeni lisilopotea". Mangi akaanza kuandika. Hapo likajitokeza kosa langu mimi, lililokuwa limejificha nyuma ya lile la maneno: kuliandika deni moja kulihitaji kubonyeza mara saba, na saa moja jioni foleni ya unga na mafuta ya kupima haingoji mara saba. Tukapunguza hadi mara mbili, jina na kiasi, kwa kidole gumba kimoja, mkono mwingine ukiwa kwenye mizani. Tukaongeza ujumbe mfupi unaokwenda kwa mdaiwa deni linapoandikwa, ili kumaliza ule ubishi wa "mimi sidaiwi hizo". Chini ya ujumbe kulikuwa na jina la duka, na chini yake jina la programu. Hilo la mwisho tuliliweka bila kufikiri sana.

Miezi michache baadaye nilikuwa nimekaa tena kwenye kreti lile. Akaja mama lishe wa ng'ambo ya barabara, ameshika simu yake, ujumbe wa deni la kilo tano za mchele ukiwa bado kwenye skrini. Nilijua amekuja kubishana.

"Mangi," alisema, "deni nalijua, nitalipa Jumamosi. Nakuuliza hiki kitu kinachonitumia ujumbe unakipata wapi? Na mimi nina mafundi kumi na wawili wanakula kwangu kwa mkopo."